Kisima cha Mama Porzia

Jumamosi asubuhi, nyumbani kwa kina Brunella, mtu wa kwanza kuamka alikuwa Bibi Addolorata. Brunella alipoingia jikoni akifikicha macho, alimkuta bibi yake ameshachemsha maziwa, na ule mkate mkubwa wa ngano ameuegemeza kifuani, anaukata kwa kisu kuelekea mwilini mwake. Wanawake wote wa rika lake mjini Matera walikata mkate hivyo. Brunella alipokuwa mdogo alikuwa akifumba macho kwa hofu. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na alichokiwazia ni maziwa yasije yakapoa.

Mama yake alikuwa muuguzi na siku hiyo alikuwa bado hajarudi kutoka kazini. Baba yake aliendesha lori, na wiki nzima alikuwa barabarani. Kwa hiyo Brunella na bibi yake walikunywa maziwa wawili tu, wakachovya mkate, wakaosha vikombe. Kisha Brunella akavaa fulana ya shule na kuteremka kwenda Sassi.

Sassi ni mitaa ya zamani ya Matera. Nyumba zake zimechongwa ndani ya mwamba, moja juu ya nyingine, mpaka kwenye ukingo wa korongo. Bibi Addolorata alizaliwa huko. Alipofika umri kama wa Brunella, serikali iliwahamisha yeye na majirani zake wote, ikawapa nyumba mpya mtaa wa juu, kwa sababu watu walikuwa wakiishi na mifugo chumba kimoja na watoto walikuwa wakifa ovyo. Kwa miaka mingi baada ya hapo, watu wa Matera waliona aibu kuyataja mapango hayo. Sasa wageni walikuwa wakimiminika kuyaona, na katika mapango mengine mlikuwa na hoteli zenye mabafu ya marumaru.

Masika ile shule ya Brunella ilikuwa imeanzisha mpango wa wanafunzi kuwapokea wageni. Kila mwanafunzi alipewa mahali pake pa kueleza. Mwalimu wao wa historia, Mwalimu Loredana, hakuwapa maneno ya kukariri. Aliwaambia waende kwa wazee wao wakaulize. Rafiki yake Brunella, Saverio, alipewa kanisa la pangoni lenye picha za watakatifu na malaika ukutani. Brunella alipewa pango ambamo Bibi Addolorata alizaliwa.

Alidhani bibi yake angefurahi. Bibi alisikiliza, kisha akamwambia amshukuru mwalimu, lakini yeye hatashuka kule. Tangu siku waliyohama hakuwahi kukanyaga. Brunella alipombana kwa maswali, alimwambia machache: walikuwa watu tisa, na punda upande wa nyuma, na kuku chini ya kitanda. Katikati ya sakafu palikuwa na kisima cha kukusanya maji ya mvua.

"Hakuna jambo lolote lililotokea humo, Bibi?" Brunella aliuliza.

"Tuliishi," Bibi alijibu. "Hilo halitoshi?"

Jumamosi ile, ya kwanza kwake, Brunella aligundua kwamba kwa wageni halikutosha. Walichungulia, wakasikia habari za watu tisa na punda, wakatikisa vichwa kwa adabu, wakaondoka. Bwana mmoja alipiga miayo mbele ya uso wake. Upande wa pili wa ngazi, mlangoni kwa Saverio, palikuwa na foleni.

"Usikasirike," Saverio alimwambia walipokuwa wakila mkate wao wa mchana. "Wewe una punda ambaye hata hayupo. Mimi nina malaika."

Alikuwa anatania tu, lakini utani ule ulimkaa Brunella rohoni wiki nzima.

Jumamosi iliyofuata waliingia mume na mke kutoka kaskazini, na binti yao mkubwa. Brunella alieleza yote aliyoyajua, na wale watu wakabaki wamesimama kama wanaosubiri chakula ambacho bado hakijaletwa. Yule mke akainama juu ya kisima, ambacho siku hizi kimefunikwa kwa kioo kinene, akauliza kama hakuna mtu aliyewahi kuanguka humo.

Brunella alifungua mdomo kusema hapana.

"Yupo," akasema. "Mtoto mchanga. Lakini hakuanguka. Alitupwa."

Hakujua maneno yale yametoka wapi, ila baada ya hayo mengine yalikuja yenyewe. Akasema kulikuwa na majira ya baridi yenye njaa kali. Mama wa nyumba hii alikuwa na watoto wengi na hana cha kuwapa, na mdogo wao alilia usiku na mchana. Basi siku moja akafunua kisima. Yule mke akaweka mkono mdomoni. Binti yake akauliza mama huyo aliitwa nani. Jina moja tu lilimjia Brunella kichwani, jina la mama yake Bibi, na akalitaja bila kuwaza: Porzia.

Watu wale hawakuondoka. Waliomba aeleze tena, nao wakatoka wakawaita wengine. Kufikia adhuhuri foleni ya Brunella ilipita ya Saverio, na kila alipoisimulia ile hadithi iliongezeka kidogo. Akasema mvua ikinyesha majirani husikia kilio kutoka chini. Kijana mmoja aliyesimama nyuma alimrekodi kwa simu mwanzo hadi mwisho. Mwalimu Loredana alipopita ngazini na kuona watu wamejaa, alimpungia mkono kwa furaha, akaendelea na safari yake kwa wanafunzi wengine.

Jioni ile Brunella alirudi nyumbani akiimba. Bibi alipomuuliza siku ilikuwaje, alijibu kwamba ilikuwa nzuri sana.

Video ya yule kijana ilienea ndani ya siku chache tu. Katikati ya wiki watu walikuwa wanashuka Sassi wakiuliza nyumba ya mtoto wa kisimani. Waliacha maua mlangoni, na vidoli, na soksi ndogo za kufuma. Kisha mtu mmoja, hakuna aliyejua nani, akachukua mkaa akaandika ukutani kwa herufi kubwa: PORZIA MUUAJI. Kwa wageni Porzia lilikuwa jina la hadithini tu. Watu wa Matera walijua ni mama wa nani. Wazee waliohama kutoka mapango yale walikuwa bado wanakaa mtaa mmoja na kununua mkate duka moja.

Bibi Addolorata aliingia dukani siku hiyo, na wanawake waliokuwa wakizungumza wakanyamaza. Alisalimia, wakaitikia huku wanatazama chini. Mmoja wao, ambaye alicheza naye utotoni, akamshika mkono na kumwambia mambo ya wazazi wao wayaache yalale. Bibi hakuelewa. Alirudi nyumbani na mkate wake, akamsimulia mama yake Brunella, akauliza ni mambo gani hayo. Mama hakujua. Brunella alikuwa mezani na vitabu vyake. Aliinamisha kichwa zaidi.

Wakati huohuo simu ikalia. Alikuwa Babu Cosimo, mdogo wake Bibi, aliyehamia Torino tangu kijana kutafuta kazi kiwandani na hakurudi tena kuishi Matera. Mapafu yake yalikuwa mabovu, naye alipumua kwa msaada wa mashine. Bibi hasikii vizuri, kwa hiyo simu yake huongea kwa sauti kubwa, na jikoni wote waliyasikia maneno.

"Dada," alisema Babu Cosimo, "wewe ulikuwa mkubwa, mimi nilikuwa na miaka minne. Namkumbuka mama ameinama kisimani, mikono mitupu. Nakumbuka baada ya hapo Emanuele, mdogo wetu, hakuwepo tena. Niambie kweli. Alimtupa?"

Bibi alishika ukingo wa meza. "Nani amekuambia maneno hayo?"

"Kila mtu anayasema. Mjukuu wangu amenionyesha. Kuna msichana anaeleza pale ndani, na mji mzima unajua."

Pango lilikuwa na giza na kijana yule alirekodi kutoka nyuma, kwa hiyo Babu Cosimo hakuutambua uso wa mtoto wa mpwa wake, ambaye alimwona mara moja tu alipokuwa mchanga. Bibi alimwapia kwamba si kweli. Babu Cosimo alimjibu kwamba hata kama ingekuwa kweli angeapa vilevile, maana siku zote alikuwa akimkingia kifua mama yao. Pumzi zikamwishia. Akakata simu.

Bibi alimtaka mama yake Brunella aitafute hiyo video. Mama akaitafuta, akaipata, akaibonyeza, na sauti ya Brunella ikajaa jikoni. Waliisikiliza mpaka mwisho.

"Nani alikuambia habari hii?" Bibi aliuliza. Hakuwa mkali. Ingekuwa heri angekuwa mkali.

Brunella alimtazama mama yake, ambaye alikuwa amekunja uso kiasi cha kutotambulika. Angeweza kusema kweli papo hapo, na mambo yangeishia hapo. Lakini aliogopa, na mtu anayeogopa huchukua kilicho karibu.

"Mwalimu," alisema. "Mwalimu Loredana ndiye aliyetueleza."

Kesho yake Bibi Addolorata alivaa koti lake jeusi la kwendea kanisani, akaenda shuleni pamoja na mama yake Brunella. Mwalimu mkuu aliwasikiliza, akamwita Mwalimu Loredana. Mwalimu alikana. Alisema hajawahi kuisikia hadithi hiyo maishani mwake. Lakini video ilikuwepo, mtoto amemtaja kwa jina, na wazee wa mtaa walikuwa wameshaanza kupiga simu shuleni kwa hasira. Mwalimu mkuu aliusimamisha mpango wote wa wageni, akamwambia Mwalimu Loredana abaki nyumbani mpaka jambo hilo lichunguzwe.

Mwalimu mwingine aliletwa kufundisha historia, mzee mmoja aliyesoma kitabu kwa sauti bila kuinua macho. Darasani minong'ono haikwisha. Watoto walisema Mwalimu Loredana atafukuzwa, wengine wakasema ameshafukuzwa. Brunella alikuwa akikaa dirishani na kusingizia kuumwa kichwa. Wakati wa mapumziko Saverio alimfuata kwenye kona ya uwanja. Safari hii hakuwa na utani.

"Mwalimu hakutueleza chochote," alisema. "Alituambia tuwaulize wazee wetu. Nilikuwepo."

Brunella akamwambia ashughulike na mambo yake.

"Nashughulika nayo. Yule ni mwalimu wangu pia." Akamsogelea. "Wewe ulimuuliza bibi yako?"

Brunella alimpa mgongo akaondoka.

Nyumbani mambo yalizidi kuharibika. Bibi alipiga simu Torino kila siku, na kila siku mjukuu wa Babu Cosimo alijibu kwamba babu hataki kuongea. Kisha habari ikaja kwamba amezidiwa na kulazwa hospitali. Yule mjukuu akasema na jambo jingine: kabla ya kuchukuliwa, babu aliagiza picha ya mama yake iondolewe ukutani. Picha hiyo aliibeba mwenyewe kutoka Matera akiwa kijana, ndani ya sanduku lake la nguo.

Bibi alirudisha simu mezani, akaenda chumbani, akaketi kitandani. Hakula mchana, hakula jioni. Mama alimpikia supu ya kunde na ngano aliyoizoea tangu utoto, ikapoa kwenye bakuli mpaka ikafanya utando. Kesho yake vilevile. Mama alimpima mapigo ya moyo, akamtuma Brunella akae naye, labda kwake atakubali kunywa hata maji.

Brunella aliingia na glasi. Bibi alimwonyesha aketi.

"Ile habari uliyofundishwa," Bibi alianza, "nataka kukutolea kichwani. Wewe umedanganywa, mwanangu, na sitaki ukue na uongo wa mtu mwingine. Hili sijamwambia mtu. Hata babu yako marehemu sikumwambia."

Akasema haikuwa majira ya baridi. Ilikuwa kiangazi, maji ya kisimani yamebaki kidogo na yameanza kunuka, na walikuwa wakiyanywa hivyohivyo, wao na punda, kwa sababu hayakuwepo mengine. Emanuele alikuwa hajafika mwaka. Alianza kuharisha. Mama Porzia alimbeba akapanda naye ngazi zote mpaka kwa daktari kule juu, akarudi naye, akapanda tena siku iliyofuata. Daktari alisema apewe maji safi. Daktari hakusema yapatikane wapi.

"Mtoto alikuwa analala kwenye droo ya kabati, ndicho kitanda tulichokuwa nacho. Siku ile mama alimtoa humo akanipa mimi nimpakate, ili yeye afue nepi. Alikuwa anafua tangu asubuhi, zinachafuka, anafua tena. Cosimo alimwona pale kisimani mikono mitupu kwa sababu Emanuele alikuwa kwangu. Nilikuwa na miaka tisa. Nilidhani amelala. Nikafurahi kwamba hatimaye amelala, sikutaka kumwamsha, nikakaa kimya. Alifia mapajani mwangu, Brunella. Na mama ameinama pale, ananipa mgongo, anafua."

Bibi aliutazama ukuta. Akasema kwamba miaka yote hii amekuwa akijiuliza, kama angemwita mama mapema, ingekuwaje. Ndiyo sababu hakushuka kule tena. Na ndiyo sababu hawezi kumsamehe mwalimu yule.

Glasi ilikuwa bado mkononi mwa Brunella. Aliiweka chini.

"Bibi," alisema, "hakuna aliyenidanganya. Mwalimu hakusema kitu. Niliitunga mimi."

Bibi aligeuka taratibu. Brunella alisubiri kofi, na alilitamani, lakini halikuja. Bibi alimtazama kama mtu anayejaribu kumkumbuka mtu aliyewahi kumjua. Mwishowe akamwambia atoke kidogo.

Brunella alisimama nje ya mlango, kipaji cha uso kwenye mbao. Ndani hakusikia chochote, wala kilio. Alikaa hapo mpaka mama yake akaja akamkuta, naye akamweleza mama vilevile, neno kwa neno, huku akilia. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema tu kwamba Mwalimu Loredana naye ana mama mzee anayemtegemea, je, alilifikiria hilo?

Ndipo mlango ukafunguliwa. Bibi alikuwa amevaa lile koti jeusi.

"Vaa viatu," alimwambia Brunella. "Nitakwenda na wewe. Lakini mimi sitakusemea."

Shuleni mwalimu mkuu alimpigia simu Mwalimu Loredana, akaja. Alikuwa amekonda. Brunella alisimama mbele ya meza na kusema yote: kwamba alitunga hadithi ili apate foleni kama ya Saverio, kwamba alilitumia jina la mama yake Bibi, kwamba alipoulizwa alimsingizia mwalimu kwa sababu jina lake ndilo lililomjia kwanza.

Mwalimu Loredana alimgeukia.

"Niliona watu wamejaa mlangoni kwako nikafurahi," alisema. "Sikusimama kusikiliza unasema nini. Hilo ni kosa langu. Lakini jina langu ulilichukua kama kitambaa cha kufutia mikono. Nitakufundisha tena, ndiyo kazi yangu. Kukuamini, itabidi nisubiri."

Bibi Addolorata alimwomba radhi mwalimu mbele ya wote, na kwa Brunella hilo lilikuwa gumu kuliko yote: kumwona bibi yake ameinamisha kichwa kwa kosa ambalo si lake.

Bado kulikuwa na Torino. Walipiga simu kutoka hapohapo ofisini. Mjukuu wa Babu Cosimo alikuwa hospitali, na Bibi alimwomba aweke simu kwenye sikio la babu hata akikataa. Walisikia mashine inavuta na kushusha pumzi. Bibi akamsogezea Brunella simu.

"Babu Cosimo, mimi ni Brunella, mjukuu wa dada yako," alisema. "Yule msichana ni mimi. Nilisema uongo. Mama yako hakumtupa mtoto. Nilibuni ili watu wanisikilize."

Mashine ilivuta pumzi, ikashusha. Ikavuta tena.

"Siku zote hizi nimemchukia mama yangu," Babu Cosimo alisema. Kila neno lilimgharimu. "Nimelala hapa nikimchukia." Kisha akauliza, na hakuwa anamuuliza Brunella tena: "Dada. Basi Emanuele alikuwa na nani?"

Bibi aliichukua simu kwa mikono miwili.

"Alikuwa na mimi, Cosimo. Nilikuwa nimempakata."

Mwalimu mkuu aliinuka akaenda dirishani. Mwalimu Loredana akamshika Brunella bega, wakatoka nje, wakawaacha ndugu wawili wazee waongee.

Babu Cosimo hakupona. Alifariki majuma machache baadaye, kabla ya sikukuu ya Bikira wa Bruna, mlinzi wa mji, wakati mafundi walikuwa bado wanalipaka rangi lile gari la maandamano la karatasi ambalo watu wa Matera hulirarua kila mwaka mwisho wa sherehe. Bibi alikwenda Torino kwa treni kumzika. Aliporudi alisema picha ya mama yao ilikuwa mezani kando ya kitanda, na mjukuu alimweleza kwamba babu alikufa akiitazama. Mwaka ule familia yao haikwenda kwenye sherehe.

Mpango wa wageni ulirudishwa. Mwalimu Loredana alimuuliza Brunella kama anataka mahali pengine, naye akaomba arudishwe palepale. Saverio alikuja na ndoo na brashi, wakasugua ukuta pamoja. Mkaa ulitoka, lakini jiwe la Matera ni laini na hunywa kila kitu, na mtu akisogea karibu bado aliweza kuzisoma herufi.

Kila Jumamosi Brunella alianza kwa kuwaambia wageni kwamba walichosikia kuhusu mtoto wa kisimani ni uongo, na aliyeutunga ni yeye. Kisha aliwaeleza, kwa ruhusa ya Bibi, habari za kiangazi, maji yaliyonuka, na mwanamke aliyepanda ngazi zote akiwa na mtoto mgonjwa. Wengine walisikiliza na kuuliza maswali mazuri. Wengine walikasirika, wakasema wamesafiri mbali kwa ajili ya hadithi ile. Yule kijana wa video aliandikiwa na mama yake Brunella, akaifuta yake, lakini watu walikuwa wameshaichukua na kuisambaza kwingine, na hao hawakujulikana.

Siku moja mwishoni mwa kiangazi Bibi Addolorata alishuka. Hakumwambia mtu. Alitokea mlangoni, mkono ukutani, akipumua kwa shida, akaingia. Alipita kwenye kisima bila kukitazama, akaenda mpaka kwenye pembe moja ambako hapakuwa na kitu, akasimama hapo kwa muda mrefu. Baadaye akatoka na kuketi kwenye kizingiti karibu na mjukuu wake.

Wakati huo wasichana wawili walikuwa wanapanda ngazi, simu mkononi. Mmoja alisikika akimwambia mwenzake kwamba ndiyo hapa, hapa ndipo yule mama alipomtupa mtoto.

Brunella aliufunika uso kwa mikono. Alimuuliza bibi yake hili jambo litaisha lini.

"Sijui," Bibi alisema. "Pengine nitakufa halijaisha. Ukisema uongo, hujui utafika kwa nani, na huwezi kwenda kuurudisha kwa kila mtu. Utakachoweza ni kumjibu kila anayekuja na kuuliza, mmoja mmoja, bila kuchoka." Alinyoosha sketi yake magotini. "Mji huu watu wanakuja kuwatazama wafu wetu, Brunella. Mtu aliye hai ukimsingizia, anaweza kuja mlangoni kwako akakudai haki yake, kama mwalimu wako angeweza. Mama yangu hawezi. Cosimo naye sasa hawezi. Wamebaki na wewe tu wa kuwasemea, kwa hiyo sema kilichokuwepo, hata kama ni kidogo, hata kama wageni watapiga miayo."

Wasichana wale walikuwa wamefika mlangoni, wanachungulia gizani. Brunella alijifuta uso kwa mkono wa fulana, akasimama, akaenda kuwapokea.